Kihamba cha baba, korongo, na muhuri wa mwenyekiti

Wasomaji wangu, toleo lililopita nilijibu maswali ya viwanja vya mjini, na tangu hapo barua nyingi zimenijia kutoka kwa watu wanaotaka kujenga kijijini. Nimezisoma zote. Nilikuwa afisa ardhi wa wilaya kwa miaka 27 kabla sijastaafu na kuja kukaa huku milimani Lushoto, na katika miaka hiyo yote sikuona jambo linaloumiza watu kama nyumba iliyojengwa kwa jasho halafu ikasimamishwa kwa sababu mwenyewe hakuuliza mapema. Leo nina barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana ndani yake wengi mtajiona.

*Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, naishi Kimara, Dar es Salaam. Baba alifariki mwaka 2021 akaacha kihamba chake, yaani shamba letu la ukoo, Marangu, hakifiki ekari moja. Tumezaliwa watano, wasichana wawili. Mama yupo, anaishi kwenye nyumba ile ile ya zamani. Nimeweka akiba nijenge nyumba ya vyumba vitatu karibu naye, maana sasa anapanda ngazi kwa shida na mimi nakaribia kustaafu. Kaka mkubwa anasema msichana aliyeolewa hajengi kihambani. Fundi amechagua sehemu ya chini kwa kuwa ni tambarare, jirani na korongo lenye maji mwaka mzima, na mfongo wa kumwagilia unapita hapo hapo. Nikienda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi watanipa? Nianzie wapi?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee. Umeuliza habari ya kibali, lakini kibali ndicho cha mwisho katika safari yako. Swali la kwanza utakaloulizwa popote utakapokwenda ni hili: kihamba hicho leo ni cha nani?

Baba hayupo. Kwenye barua yako sikuona mahali ulipotaja msimamizi wa mirathi. Kama hajateuliwa, basi ardhi hiyo bado iko kwa jina la marehemu, na yeyote kati yenu atakayechimba msingi, awe wewe au kaka yako, atakuwa anachimba kwenye mali ambayo haijagawanywa. Keti kwanza na ukoo. Kikao kiandikiwe muhtasari, wahudhuriaji watie sahihi, mpendekeze msimamizi, kisha muende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Mama yenu awepo kwenye kikao, akae mbele, na atajwe kwa jina. Nimeona vikao vingi ambapo mjane anapika chai jikoni huku wanaume wanagawa ardhi aliyoilima miaka 40, na kila mara iliniuma. Anayekaa pale ni yeye. Kabla ya haki yako kuna haki yake.

Sasa neno la kaka yako. Najua ni mila ya zamani, na najua kwa Wachaga kihamba ni makaburi ya babu zenu pamoja na migomba na kahawa, kwa hiyo sikudharau hofu yake. Anaogopa kihamba kitatoka nje ya ukoo. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema waziwazi kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Na hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilikuwa imeshaamua kesi ya Holaria Pastory, mama mzee wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Mtoto wa kaka yake alimshtaki akisema mila haimruhusu mwanamke kuuza. Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Mimi nilikuwa kijana ofisini wakati huo, na nakumbuka tulivyoisoma hukumu ile mara mbili mbili.

Pamoja na hayo, nakusihi usiende kwa kaka yako na sheria mkononi. Sheria iache kwenye mkoba. Nenda na mtu mzima anayeheshimiwa pande zote mbili, mjomba au baba mdogo, ukampelekee jani la isale, mmea wa Kichaga wa kuombea amani na kuwekea mipaka, kama desturi yenu inavyotaka unapotafuta maelewano, na umweleze kwamba unajenga ili mama asilale peke yake. Mkikubaliana, panda masale kwenye mpaka wa sehemu yako siku hiyo hiyo, ndugu wote na majirani wa pande zote wakiwa wamesimama hapo. Mwambie mtu apige picha. Masale hayo na picha hizo zitakufaa sana baadaye, wakati kamati ya kijiji itakapokuja kuhakiki mipaka.

Tuje kwa fundi wako. Fundi amependa sehemu tambarare kwa sababu kazi yake inakuwa rahisi. Haulizwi yeye kesho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na korongo lenye maji mwaka mzima mtu wa mazingira atalihesabu kuwa mto. Mfongo wenyewe ni jambo jingine. Huo ni mtaro uliochimbwa na watu, una wenyewe, una zamu zake za maji na wazee wanaousimamia. Waulize hao unaruhusiwa kusogea umbali gani, na kwa hali yoyote usijenge juu yake wala kuugeuza njia bila wao.

Hizo mita 60 zipime vizuri, maana hapo ndipo watu wa milimani wanakosea. Wanatandika futi kamba kwenye mteremko, inafuata ardhi, wanasoma 60 na kufurahi. Kipimo cha ramani hakifuati mteremko. Futi kamba inatakiwa ilale sawa kama maji yaliyotulia: mmoja ashike upande wa juu chini kabisa kwenye udongo, wa chini ainue mkono hadi kamba inyooke, wadondoshe jiwe kwenye alama, waendelee vipande vifupi vifupi hadi mwisho. Kwenye mteremko mkali wa nyuzi 30, aliyepima mita 60 juu ya ardhi amepata mita 52 tu za kweli. Mume wangu, Mungu amrehemu, alichimba msingi wetu hapa Lushoto mimi nikiwa kazini wilaya nyingine. Niliporudi nikapima mwenyewe. Zilikuwa mita 49 kutoka kijitoni. Tulifukia msingi, tukabebesha mawe yote juu ya kilima kwa vichwa, na mume wangu hakusema nami siku mbili. Lakini nisingeweza kuwaambia wananchi wasogee huku mimi nimekaa ndani ya mita hizo. Nyumba iko juu sasa, na masika maji yanapofurika, yanaishia kwenye migomba.

Najua kihamba chenu ni kidogo, na mita 60 zitakula sehemu kubwa. Basi jenga juu, hata kama itabidi ukate mteremko na kuweka ukuta wa mawe. Itakuongezea gharama ya mawe, saruji na siku za vibarua. Sehemu ya chini iache iwe migomba na majani ya ng'ombe. Na shimo la choo usiliweke kwenye mteremko unaoshukia moja kwa moja kwenye mfongo, kwa kuwa wako watu chini yenu wanaochota humo.

Mkishamaliza ya ukoo na ya kupima, ndipo unaenda kwa mtendaji wa kijiji. Uliza mambo haya uso kwa uso: kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji? Kina mpango wa matumizi ya ardhi? Kitongoji chenu kimeshaingizwa katika eneo lililotangazwa la mipango miji? Jibu la swali la mwisho ndilo litakaloamua njia yako. Kama kimeingizwa, utahitaji kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, pamoja na michoro ya jengo na ya kiwanja, na usiweke hata jiwe moja kabla ya karatasi hiyo kutoka. Kama bado ni ardhi ya kijiji, ruhusa yako inaanzia kijijini: unajaza maombi ya hatimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, wajumbe wanakuja kuona mipaka, na mkutano mkuu wa kijiji unaridhia. Halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kukujibu. Hata hapo, kapige hodi kwa afisa mipango miji wa wilaya umuulize kama wana sheria ndogo ya ujenzi vijijini, kwa sababu baadhi ya halmashauri wanazo na adhabu yake hulipwa na aliyejenga, si mtendaji aliyesahau kukwambia.

Ombi moja la mwisho kwako. Hati ikitoka, angalia jina lako limeandikwaje, herufi kwa herufi kama kwenye kitambulisho chako, kisha uone kwa macho yako limeingizwa kwenye daftari la masijala ya ardhi ya kijiji. Usikubali kuambiwa litaingizwa kesho.

*Mama, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mlandizi. Mwaka jana nilinunua ekari mbili kwa mzee mmoja katika kijiji kilicho ndani, upande wa Chalinze. Tuliandikishana, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, nikalipa na kitu cha kitongoji. Mwezi uliopita nimeanza msingi, mtendaji akaja na mgambo, akasema pale ni malisho kwa mujibu wa mpango wa kijiji na nisiendelee. Mzee aliyeniuzia ananiambia nitulie, watu watasahau. Fundi naye ananishauri tusukume kazi usiku na mchana hadi linta, zege la juu ya milango na madirisha, kwa sababu nyumba ikishasimama hawataibomoa. Nina mifuko 40 ya saruji pale, itaganda. Nifanyeje?*

Mwalimu, simamisha kazi leo. Nakuambia hivi kwa mapenzi kabisa. Saruji iuze au ihamishe wiki hii, usikubali kupoteza na hiyo.

Ushauri wa fundi nimeusikia tangu naanza kazi, na nimesimama mbele ya nyumba nyingi zilizosukumwa hadi linta. Nyumba ikishasimama hasara ndiyo inayokua, haki haikui. Kila tofali utakaloweka baada ya kukatazwa ni ushahidi kwamba ulijua. Na fikiria jambo jingine ambalo hukuliandika: malisho hayo yana wafugaji. Huko ndani Chalinze ng'ombe wanapita kufuata maji kila kiangazi. Ukijenga njiani mwao, siku ng'ombe watakapoingia kwenye mahindi yako na wewe ukachukua fimbo, hutakuwa unagombana na mtendaji tena. Nimeona ugomvi wa aina hiyo ukiishia hospitali, na sitaki kusoma habari yako.

Nieleze ulikoteleza, ili na wengine wajue. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji unashuhudia kwamba wewe na mzee mlionana mkakubaliana. Haugawi ardhi. Hata mwenyekiti wa kijiji peke yake hagawi ardhi. Kijiji kina halmashauri yake, wajumbe 15 hadi 25, na hiyo halmashauri nayo hairuhusiwi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, yaani watu wazima wote wa pale. Na mwanakijiji akitaka kumhamishia haki yake mtu wa nje, kama ulivyo wewe, halmashauri ya kijiji lazima ikubali kwanza. Mpango wa matumizi ya ardhi uliwekwa na mkutano huo huo. Umechorwa kwenye ramani, na nakala yake inatakiwa iwe ofisi ya kijiji: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa vyanzo vya maji. Ungeomba kuiona kabla ya kutoa fedha, ingekuchukua asubuhi moja.

Na ile fedha uliyolipa ya kitongoji, ulipewa stakabadhi ya serikali? Malipo halali yana namba ya malipo na risiti. Kisichokuwa na risiti hakikuingia kijijini.

Sasa la kufanya. Nenda kwa mtendaji, kwa adabu, uombe barua ya katazo kwa maandishi na uombe kuona ramani ya mpango. Huenda mtendaji amekosea eneo, hutokea, mipaka ya malisho mara nyingine hupita katikati ya shamba. Mkienda uwanjani pamoja na mwenye ramani mkakuta robo ya ekari zako iko upande wa makazi, umepata pa kuanzia. Ikiwa zote ziko ndani ya malisho, mrudie mzee kwa maandishi umtake arudishe fedha. Mkishindwana, Baraza la Ardhi la Kijiji lipo kwa usuluhishi, lina wajumbe saba na watatu kati yao ni wanawake. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, halihukumu tena bali linasuluhisha, na likishindwa linakupa cheti cha kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana; siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kuendelea hata bila cheti. Pamoja na cheti hicho unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usirukie huko moja kwa moja, utarudishwa na muda utakuwa umepotea.

Kuna na njia ya kuomba kijiji kibadilishe mpango. Ipo kisheria, lakini inapita mkutano mkuu, mbele ya wafugaji wale wale. Mimi nisingekushauri uwaombe waache malisho yao kwa ajili ya ekari zako mbili. Waulize badala yake kama kijiji kina eneo la akiba la makazi, uombe kama mwombaji mpya, kwa jina lako na la mkeo. Mwalimu kijijini anapokelewa. Wakikujua kama mtu aliyeondoka kwenye malisho yao bila kelele, watakusikiliza.

*Shikamoo mama yetu. Nyumba yangu kijijini iko kando ya barabara kuu ya kwenda Njombe. Niliijenga mwaka 1998. Kutoka katikati ya barabara hadi ukuta ni mita 26. Watu wa barabara wamekuja wameweka alama ya X, majirani wanasema tumekwisha. Nilikuwa nataka kuongeza vyumba viwili kwa ajili ya watoto. Niendelee au?*

Marahaba. Hukuniandikia X ni ya rangi gani, na rangi ndiyo jibu.

Zamani hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ikaifanya mita 30. Wewe ulijenga 1998 kwenye mita 26, yaani nje ya hifadhi ya wakati ule. Barabara ndiyo iliyokufuata. Aliye kwenye hali yako huwekewa X ya kijani, na anastahili fidia ardhi yake itakapohitajika. Nyekundu ni ya aliyeingia mwenyewe ndani ya hifadhi, na huyo hadai kitu. Kama yako ni nyekundu, usikae na huzuni ndani. Andika barua kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, ueleze mwaka na kipimo, uambatishe chochote kinachoonyesha nyumba ilikuwepo kabla ya 2007: risiti za bati, picha ya harusi iliyopigwa uani, barua ya kijiji, ushuhuda wa majirani wazee. Nakala mpe mtendaji akugongee muhuri wa kupokea.

Vyumba viwili usijenge hapo. Eneo hilo sasa limo ndani ya hifadhi, na chumba cha leo hakitalipwa na mtu. Kama kiwanja chako kinaenda nyuma, pima mita 30 kutoka katikati ya lami, ongeza kidogo kwa usalama, panda miti mstari mmoja hapo uwe mpaka wako wa kujikumbusha, kisha vyumba vya watoto vianze nyuma ya miti hiyo, baada ya kumwonyesha mtendaji wa kijiji.